Nusu ya Tembo

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni, moto bado mdogo. Aliye nyuma aje mbele, na aliye mbele asinikanyage.

Hapo zamani, kale ya kale, kabla herufi hazijafika kwetu, palikuwa na mji ulioitwa Kikomani. Watu wa Kikomani hawakujua kusoma, na wanyama waliopita kati yao hawakujua kusoma, lakini hakuna aliyepotea akitafuta duka. Juu ya kila mlango palining'inia kibao cha mti, na katika kibao hicho kitu chenyewe kilichongwa kikatokeza, hata kipofu akipapasa alijua amefika wapi. Kwa mfinyanzi kilitokeza chungu. Kwa msusi kilitokeza kitana. Kwa muuza samaki alitokeza changu, mdomo wazi, kama anayeomba arudishwe majini.

Vibao vyote hivyo vilitoka katika mkono mmoja, mkono wa Mwatime. Mwatime alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana, na kicheko alichokificha shavuni kama mtoto anavyoficha kashata. Kila asubuhi karakana yake ilisema kong'o, kong'o, kong'o, na mji mzima ukajua kuna kitu kinazaliwa.

Desturi ya kazi yake ilikuwa hii: mteja alitamka anachotaka mara tatu, na fundi akachonga alichokisikia. Lakini lugha yetu mnaijua. Ina maneno yenye sura mbili, na Mwatime alipenda kuchonga ile sura ambayo mteja hakuitarajia.

Alikuja mtengenezaji wa mbuzi za kukunia nazi, akasema mbuzi, mbuzi, mbuzi. Akachongewa beberu mwenye ndevu, ametoa ulimi mrefu wenye meno kama ule wa chuma wa kukunia. Mji ukacheka siku mbili, na mbuzi wenyewe wakaja kumtazama, wakaondoka wakitembea kwa maringo. Akaja muuza makaa, akasema kaa, kaa, kaa. Akachongewa kaa wa pwani, magando juu. Kaa nao walitaka kuja kumtazama mwenzao, lakini kwa mwendo wao wa ubavu waliishia duka la pili.

Hakuna aliyekasirika, na Mwatime akadhani hakuna atakayekasirika.

Basi, siku moja akaja Chengo. Chengo alikuwa mgema, mwepesi wa kukwea minazi na mvivu wa kusema. Alikuwa amejenga banda karibu na njia ya kwenda mtoni, anauza tembo, lile la mnazi, lenye povu, la kunywewa kwa kibuyu. Mwatime akamuuliza kama anataka achongewe kibuyu au mnazi. Chengo akasema kibuyu kitamleta mtu wa maziwa, na mnazi utamleta mtu wa madafu. Yeye anauza tembo, na fundi achonge tembo.

"Sema kwa desturi," Mwatime akamwambia, na kicheko kimeshafika shavuni.

"Tembo," akasema Chengo. "Tembo. Tembo. Nenda kazini, mama, minazi yangu inaningoja."

Mwatime akachagua ubao mnene wa mfenesi, wa rangi ya asali. Akachora kwa mkaa. Akashika tezo, akapunguza pembeni. Akashika patasi na nyundo ya mti, akachimba pande zote za picha hadi picha ikasimama peke yake. Kong'o, kong'o, kong'o, likatoka paji la uso. Kong'o, kong'o, kong'o, yakatoka masikio, kila moja kama ungo. Kong'o, kong'o, kong'o, ukatoka mkonga, ukaja mbele ya ubao dhiraa nzima, ncha imekunjwa kama inayotaka kuchukua kitu. Pembe akazichonga kwa mti mweupe wa mlimau. Akasugua kwa majani ya msasa, akapaka mafuta ya nazi, na tembo yule akang'aa kama ametoka kuoga.

Chengo alipoletewa alikitazama kibao kutoka masikioni hadi ncha ya mkonga.

"Nilisema tembo," akasema.

"Nami nimechonga tembo."

Kabla hajapata neno la tatu, watu wamekwisha simama njiani kutazama, na waliosimama kutazama wakaketi kunywa. Chengo akatia kamba mbili za makumbi, akakitundika kibao mbele ya banda, na hata jua halijafika utosini mji wote ulikuwa unaitana twende kwa tembo.

Sasa, katika bonde lililo chini ya mji aliishi Tembo mwenyewe. Simsemi wa kibuyu. Nasema yule wa miguu minne. Alikuwa mzee wa heshima, mzito wa hatua, na nyuma yake, kila alikokwenda, alifuatwa na ndege mmoja mweupe aitwaye Yangeyange, aliyekula panzi waliorushwa na miguu ile mikubwa. Tembo alitangulia na Yangeyange akafuata. Hivyo miaka saba.

Asubuhi hiyo Tembo alikuwa anakwenda mtoni. Akaona uso wake mbele ya banda la Chengo. Akasimama. Akautazama kwa jicho la kulia, akautazama kwa jicho la kushoto, akaona ni uso mzuri, tena umetunzwa. Akadhani mji umempa heshima. Akatandaza masikio ili asikie anavyosifiwa.

Ndani ya banda walikuwamo wanywaji watatu. Wa kwanza akaonja, akasema, "Tembo hili limechacha."

Wa pili akasema, "La jana ndilo lilikuwa zuri. Tulilimaliza lote."

Wa tatu akasema, "Chengo, mimi nipe nusu tu. Nusu nyingine mpe jirani yangu."

Masikio ya Tembo yakaanguka. Nusu? Akazunguka polepole hadi nyuma ya kibao. Akatazama. Nyuma ya kibao hapakuwa na mgongo, hapakuwa na mapaja, hapakuwa na mkia. Palikuwa na ubao mtupu, bapa kama chapati.

Akarudi mbele: kichwa kipo. Akaenda nyuma: hakuna kitu. Akarudi mbele tena. Hesabu yake ikatimia. Hapa panauzwa tembo, nusu imeshanunuliwa, na waliokula wanasema ilikuwa nzuri.

Chengo alipouona ule mguu ukiingia bandani alipata maneno mengi kwa mara ya kwanza maishani. Akaapa kwamba yeye hajachonga kitu, yeye ni mkwezi tu wa minazi, na mwenye kazi anakaa kule, mlango wa tatu, pale pasemapo kong'o.

Tembo akaenda. Karakana ya Mwatime haikuwa na mlango wa kumtosha, kwa hiyo akaingiza kichwa tu, na mwili ukabaki barabarani, palipokuwa patupu kwa kuwa watu wote walikuwa wamejifungia ndani.

"Hodi, binti."

"Karibu, mzee," akasema Mwatime, na patasi akairudisha mkobani.

"Nusu yangu iko wapi?"

Mwatime akauliza nusu ipi. Tembo akamjibu kwamba ya mbele ameiona, inaning'inia kwa Chengo, na sasa anaulizia ya nyuma. Mwatime akamweleza taratibu kwamba kibao ni kitu cha kutazamwa mbele, ndiyo sababu fundi huchonga upande mmoja, na nyuma hubaki bapa. Tembo akamuuliza kama amewahi kumwona yeye akitembea na ubao nyuma. Mwatime akaeleza kwamba kuna tembo wa porini na kuna tembo la mnazi, na bandani wanauza la mnazi. Tembo akasema amesikia kwa masikio yake mwenyewe, na masikio yake si madogo.

"Tena hawasemi tembo huyu," akaongeza, na sauti ikashuka. "Wanasema tembo hili. Limechacha, wanasema. Mimi ni jabali? Mimi ni gunia?"

Mwatime alitaka kucheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana Tembo aliliona shavu likitetemeka. Akanyoosha mkonga ndani ya karakana, akachukua mkoba wa zana, mkoba wa ukili uliokuwa na tezo, na randa, na nyundo, na patasi kumi na mbili, akauinua juu ya paa.

"Leo siku ya kwanza," akasema. "Siku ya tatu, jua likigusa minazi, nusu yangu iwe imerudi. Isiporudi, mkoba huu unaingia mtoni, pale penye kina."

Kicheko kikamtoka Mwatime shavuni kikaenda zake. Patasi zile zilifuliwa kwa kipimo cha viganja vyake na mhunzi ambaye sasa hayupo duniani. Bila zile asingekuwa fundi tena. Angerudi nyumbani kwa kaka yake, akae uani kufua nazi, na wifi yake angemwambia kila asubuhi ni nazi zipi zimebaki.

Akaomba apewe angalau zana moja ya kufanyia kazi. Tembo akafikiri, akaona ni haki, akampa patasi ndogo kuliko zote, ile ya kuchongea magamba ya samaki.

Kibao kikashushwa, kikalazwa kifudifudi kwenye meza, mkonga umening'inia ukingoni. Mwatime akashika patasi yake ndogo. Akainua mkono. Akaushusha. Akagundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: hajawahi kumwona tembo kwa nyuma. Hakuna mtu Kikomani aliyewahi. Tembo yule hakumpa mtu mgongo. Ukipita kulia anageuka kulia, ukipita kushoto anageuka kushoto, na uso wake mkubwa unakutazama.

Siku ile ile ya kwanza Mwatime akajificha nyuma ya kichaka kule bondeni. Tembo akasikia pumzi yake, akageuka.

Siku ya pili akaenda wazi wazi, akaanza kumzunguka. Tembo naye akazunguka. Wakaenda hivyo, mmoja kwa mbio na mwingine kwa hatua, mara moja, mara mbili, mara tatu, vumbi juu, kama watu wanaocheza ngoma isiyo na mpigaji. Mwishowe Tembo akamuuliza anatafuta nini. Mwatime, akihema, akasema anatafuta mfano wa ile nusu. Tembo akamjibu kwamba mtu mzima haonyeshi mgongo wake kwa seremala, na kama fundi ni fundi ataujua.

Siku ya tatu asubuhi Mwatime akaketi kando ya maji, patasi mapajani, akiwaza nazi za kaka yake. Yangeyange alikuwa anakunywa hapo karibu. Akamsalimu dada fundi, akamuuliza mbona amekunja uso. Mwatime akamweleza yote. Ndege akaacha kunywa.

"Dada," akasema, "miaka saba natembea nyuma yake. Uso wake siujui. Nikikutana naye uso kwa uso njiani nitampita kama mgeni. Lakini kule nyuma niulize mimi."

Mwatime akamwomba aeleze, na asifiche kitu.

Yangeyange akafumba macho ili aone vizuri. Akasema nyuma ya yule mzee ni kama suruali ya mtu mnene aliyomwachia nduguye mwembamba. Mikunjo saba kulia, mikunjo sita kushoto, na ule wa saba wa kushoto umeanza lakini haujafika. Katikati kuna mkia, mfupi kuliko mtu anavyotarajia, na ncha yake ni ufagio uliofagia harusi tatu. Upande mmoja umeshuka kidogo kuliko mwenziwe. Akitembea, pande hizo mbili hubishana.

Mwatime hakungoja zaidi. Akakimbia hadi karakana. Patasi ilikuwa ndogo mno hata kusema kong'o. Ilisema ki, ki, ki. Ki, ki, ki, ikatoka suruali. Ki, ki, ki, ikatoka mikunjo saba, na sita, na ule ulioanza. Ki, ki, ki, ukatoka mkia na ufagio wake. Jua likapanda, jua likasimama, jua likaanza kuteremka, na Mwatime hakuinua kichwa. Alipomaliza, vidole vilikuwa vimevimba, na nywele zimejaa vumbi la mfenesi.

Jua lilipokuwa linakaribia minazi kibao kikatundikwa tena. Mji wote ulikuwapo. Tembo akaja, mkoba wa zana ukiwa kwenye mkonga, na Yangeyange nyuma yake. Akautazama uso wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akazunguka kwenda nyuma.

Hapo akakaa sana.

"Huyu ni nani?" akauliza Tembo.

"Ni wewe, mzee," akasema Mwatime.

"Hapana. Mimi si hivi."

"Ndivyo ulivyo, mzee wangu. Nimekuchonga kwa heshima zote."

Tembo akasema kwamba amekaa na mwili huu maisha yake yote, na kama ungekuwa na kitu cha namna hiyo angeambiwa. Akainua mkoba, akageuka kuelekea mtoni. Mwatime akamkimbilia, akasimama mbele ya miguu ile.

"Nisikilize mara moja tu," akasema. "Ubao ni mmoja na mti ni mmoja. Kama wa nyuma si wewe, basi na wa mbele si wewe, hukuuzwa na hukuliwa, na mkoba wangu unauchukulia nini? Na kama wa mbele ni wewe, wa nyuma pia ni wewe, na nusu yako imerudi. Chagua, mzee. Lakini uso ule unaupenda. Nimekuona."

Tembo akasimama. Aliupenda uso ule, kweli. Akatafuta njia ya tatu, na akadhani ameiona: akamwita Yangeyange. Akatangaza kwamba huyu ni mtu wake, amekula naye miaka saba, na atakachosema huyu ndicho kitakuwa.

Yangeyange akaruka, akatua mbele ya kibao. Akautazama uso, na mkonga, na pembe za mlimau. Akainamisha shingo kulia, akainamisha kushoto.

"Huyu simjui," akasema.

Tembo akatabasamu.

Yangeyange akaruka tena, akazunguka, akatua nyuma ya kibao. Papo hapo akakunja mbawa, akainama hadi mdomo ukagusa vumbi.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akaiambia ile mikunjo. "Mbona leo umetangulia?"

Chengo alitumbukiza uso wake ndani ya kibuyu ili asionekane. Mji mzima ulibana midomo, na waliobanwa zaidi wakajifanya wana kikohozi. Tembo alikohoa pia. Alitazama juu, akatazama chini, kisha akasogea karibu na Mwatime, akainamisha sikio moja kama pazia ili wengine wasisikie.

"Binti," akasema taratibu. "Tuseme ni mimi."

"Ni wewe, mzee."

"Inawezekana kupunguza?"

Mwatime akauliza apunguze wapi. Tembo akasema pale pembeni. Na pale penye mapaja. Na ule upande ulioshuka, kama fundi anaweza kuupandisha, asingekataa.

Mwatime akainua ile patasi ya magamba ya samaki, akaigeuza geuza mbele ya jicho la Tembo. Akasema kwa masikitiko kwamba kazi inawezekana, mti uko tayari, lakini kwa zana hii, na kwa ukubwa ule, Mungu awape uhai, watamaliza masika ya mwakani. Mpaka hapo watu watakuwa wanapita, wanatazama.

Tembo, kwa mkonga wake mwenyewe, akaufungua mkoba wa ukili, akapekua, akachagua patasi kubwa kuliko zote na kumpa. Akafikiri kidogo, akampa na nyundo. Akafikiri tena, akaona upande ule ulioshuka, akamwachia mkoba wote.

Mwatime akautundika begani. Akasimama nyuma ya kibao, akapima kwa jicho, akapima kwa kidole, akapiga patasi: kong'o, kong'o, kong'o. Akaondoa kipande kimoja cha mti, chembamba kama ganda la kitunguu, akakipuliza kikaenda na upepo. Hakuongeza pigo la nne.

"Tayari, mzee. Hebu tazama."

Tembo akatazama kulia, akatazama kushoto, akapumua.

"Sasa," akasema, "huyo ndiye mimi."

Akashika njia ya bondeni, hatua nzito, kichwa juu, na safari hii akaupa mji wote mgongo, tena kwa madaha, huku pande mbili zikibishana na Yangeyange akifuata nyuma, kimya, akiwatazama panzi. Mwatime akangoja mpaka wamepita mtoni. Ndipo akakaa chini palepale barabarani, mkoba mapajani, akacheka hadi Chengo akamletea maji.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoketi, nami nimeketi nayo. Ongezeni kuni.